Menyu huitwa, popapu hujileta

Jumamosi moja jioni nilipigiwa simu kutoka duka la agroveti lililo karibu na soko la Kibuye, hapa Kisumu. Mauzo ya siku nzima yalikuwa yametoweka kwenye kompyuta. Mbegu za mahindi, dawa ya kupe, chakula cha kuku, chochote kilichouzwa tangu asubuhi hakikuonekana. Dada wa kaunta alikuwa ameyafuta mwenyewe. Na si kwamba hakuulizwa. Programu ilimwuliza, tena kwa herufi kubwa katikati ya skrini: "Je, una uhakika?" Akabonyeza Ndiyo.

"Hii kitu yako inapenda kuuliza uliza," aliniambia nilipofika. "Nikiuza inauliza, nikitoa risiti inauliza, hata nikitaka kufunga inauliza. Mimi nabonyeza tu Ndiyo niendelee na kastoma."

Programu hiyo niliiandika mimi. Swali hilo nililiweka mimi, mahali kumi na moja tofauti (nilikuja kuhesabu usiku ule), na kila nilipoliweka nilijiona mwangalifu. Kumbe nilikuwa namzoeza mwenzangu kubonyeza bila kusoma, na siku ambayo kusoma kulihitajika, mazoea yakashinda.

Menyu na popapu, kwa anayeandika msimbo, ni kitu kimoja: kisanduku kinachochorwa juu ya vitu vingine, kisha kikaondolewa. Ndiyo maana sisi wasanidi programu huzichanganya. Kwa aliyekaa mbele ya skrini hazifanani hata kidogo. Menyu ameiita yeye. Amegusa kitufe, orodha imefunguka pale pale, amechagua, imeondoka. Popapu ya onyo, ya tangazo au ya "tafadhali tupe nyota tano" imejileta, kama mgeni aliyeingia sebuleni bila hodi na kusimama mbele ya televisheni. Mambo mengi yanayowasumbua wabunifu wa vitu hivi, yaani kitokee wapi, kifungwe vipi, kizuie kazi nyingine au kiiache iendelee, hulainika ukianza na swali hili: nani kaita?

Zipo za katikati. Ukibonyeza "Chapisha", kinatokea kisanduku cha kuuliza unataka nakala ngapi. Hukukiita kwa jina, ila umekisababisha, na hushtuki kukiona. Kisha kuna tofauti nyingine inayokata kote kote: baadhi ya popapu hufunga njia, kwamba huwezi kugusa kitu kingine chochote mpaka uzijibu. Wasanidi huziita modali. Nyingine hukaa kando na kukuacha uendelee na kazi yako. Ugomvi kuhusu hizi modali ni wa zamani. Katika maabara ya Xerox PARC huko Palo Alto, California, miaka ya 1970, watu walikuwa wakijenga madirisha yanayopandana na menyu zinazochipuka pale pale kilipo kishale. Mmoja wa waliofanya kazi pale, na baadaye akahamia Apple, ni Larry Tesler. Alichukia mno kompyuta inayokuweka katika hali ambamo kitufe kile kile kinafanya jambo tofauti au kinakataa kabisa kufanya kazi, hata akaweka neno NOMODES (Kiingereza, "hakuna hali") kwenye namba ya gari lake. Mimi sijafikia huko, lakini baada ya ile Jumamosi nilimwelewa.

Tuanze na menyu, maana ndiyo yenye adabu.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mmarekani Paul Fitts alionyesha kwamba muda wa kufikisha mkono kwenye kitu unategemea umbali wake na upana wake: kilicho mbali na chembamba huchelewesha, kilicho karibu na kipana huwahi kufikiwa. Hapakuwa na kipanya cha kompyuta wakati huo, lakini kanuni hiyo ndiyo iliyokuja kutawala ubunifu wa menyu. Apple walipotoa kompyuta ya Lisa mwaka 1983 na Macintosh mwaka 1984, waliweka upau wa menyu juu kabisa, ukingoni mwa skrini. Inaonekana mbali, lakini kuna siri. Kishale hakiwezi kuvuka ukingo. Unaweza kukirusha juu bila kufunga breki, nacho kitagota pale pale kwenye menyu. Ukingo unafanya kitu chembamba kiwe kipana kama ukuta. Menyu inayochipuka chini ya kishale nayo inashinda kwa njia yake: umbali ni karibu sufuri.

Sasa chukua simu. Ukingo wa kioo hauzuii kidole, kidole kinateleza na kutoka nje. Na kinachofanya kazi kwa kawaida ni dole gumba la mkono ulioshika simu, hasa ukiwa kwenye boda boda au umebeba mfuko wa mboga. Pembe ya juu kushoto ndiyo mbali kuliko zote kwa anayeshika simu kwa mkono wa kulia, na hapo ndipo wengi tumezoea kuweka ile alama ya mistari mitatu. Alama hiyo aliichora Norm Cox kwa ajili ya kompyuta ya Xerox Star iliyotoka mwaka 1981, akitaka ifanane na orodha. Ni kazi nzuri. Tatizo ni sisi tulioigeuza kuwa stoo: chochote tusichojua tukiweke wapi, tunakisukuma nyuma ya mistari mitatu. Kwenye lile duka la Kibuye niliificha sehemu ya "Madeni" humo. Kwa miezi miwili yule dada aliandika wanaodaiwa kwenye daftari la kurasa 96, akiamini programu haina sehemu hiyo. Alichokiita kila siku, mimi nilikuwa nimekifungia chumba cha nyuma.

Kuhusu ukubwa wa kitu cha kugusa, mambo yameshaamuliwa na sitakaa hapo sana. Apple wanapendekeza pointi 44 kila upande, Google wanasema 48 kwa kipimo chao, ambayo ni kama milimita 9, na mwongozo wa ufikivu wa WCAG 2.2, uliotolewa Oktoba 2023, unataka angalau pikseli 24 kwa 24. Kinachosahaulika ni jirani. Kuweka "Futa" kugusana na "Hariri" ni kuuza sumu ya panya na unga kwenye rafu moja.

Menyu iliyo ndani ya menyu ina mtego ambao karibu kila anayeanza kazi hii hunaswa nao. Fikiria kwenye kompyuta orodha inayosema Mbegu, Dawa, Mbolea, Vyakula. Unapeleka kishale kwenye Dawa, na upande wa kulia inafunguka orodha ndogo: za ng'ombe, za kuku, za mimea. Unataka za mimea, iliyo chini kabisa. Mkono wako hauendi kulia kisha chini kama askari wa gwaride. Unakata mshazari, kama mtu yeyote anayevuka kiwanja. Lakini ukikata mshazari kishale kinapita juu ya Mbolea, na programu, kwa utiifu wake wa kijinga, inafunga orodha ya dawa na kukufungulia ya mbolea. Unarudi. Inatokea tena. Mwishoni unajifunza kutembea kama gwaride, na unadhani kosa ni lako.

Suluhisho la haraka ni kuchelewesha: programu isubiri kidogo kabla ya kubadilisha orodha. Linasaidia, ila menyu yote inakuwa nzito kama mtu aliyeamshwa usingizini. Suluhisho zuri lilifanyiwa kazi kwenye Macintosh na Bruce Tognazzini wa Apple. Programu inachora pembetatu isiyoonekana, ncha yake ikiwa pale kilipo kishale na kitako chake kikiwa ukingo wa orodha ndogo. Maadamu kishale kinasogea ndani ya pembetatu hiyo, mwenye nacho anaelekea kwenye orodha aliyoifungua, basi mwache. Akitoka nje ya pembetatu, amebadili nia. Hakuna mtumiaji atakayekuja kukushukuru kwa pembetatu asiyoiona. Kwenye simu mambo haya hayapo, maana kidole hakielei juu ya kioo kabla ya kugusa. Huko orodha ndogo hufunguka kama ukurasa mpya wenye njia ya kurudi.

Je, menyu iwe na vitu vingapi? Utasikia watu wakisema saba, wakimtaja mwanasaikolojia George Miller na makala yake ya mwaka 1956. Miller alizungumzia vitu ambavyo kichwa kinaweza kushika kwa muda mfupi, na menyu iliyo mbele ya macho haihitaji kushikwa kichwani, inasomwa. Ninyi mnaotumia saba kama amri mnaishia kuvunja orodha moja ya vitu kumi na viwili kuwa vijiorodha vitatu, na mtu anatangatanga humo akitafuta mbolea. Orodha ndefu iliyopangwa kwa makundi yanayoeleweka hushinda orodha fupi zilizofichwa ndani ya nyingine. Mahali ambapo idadi inauma kweli ni menyu ya sauti, unapopiga huduma kwa wateja na kusomewa chaguo moja moja huku ukijaribu kukumbuka la kwanza lilikuwa nini.

Na kuna menyu za USSD, zile za nyota na alama ya reli, ambazo zimewafikia watu wengi sana nchini Kenya. Ukipiga *334# kwa simu ya kabambe isiyo na intaneti, unapata menyu ya M-Pesa. Ujumbe mmoja wa USSD hubeba herufi 182 tu. Hakuna rangi, hakuna aikoni, hakuna kishale. Kuna namba, neno, na mstari unaofuata. Ningekuwa mwalimu wa ubunifu, ningewafanya wanafunzi waandike menyu zao zote kwa USSD kwanza, kabla ya kuwaruhusu kugusa rangi. Kitu ambacho hakieleweki katika maneno mawili hakitaokolewa na kivuli laini na kona za mviringo.

USSD inafundisha jambo jingine. Waulize wauza samaki wa Dunga wanavyotuma pesa, wengi hawatakutajia maneno ya menyu. Watakutajia namba, kwa kufuatana, bila kutazama. Kidole ndicho kinachojua. Ukibadili mpangilio ili "kuboresha", umewahamishia steji usiku. Abiria wa Busia hasomi kibao, anakwenda pale ambapo matatu ya Busia husimama, na akikuta la Siaya hapo atapanda kwanza, ndipo aulize. Microsoft walilipia somo hili kwa gharama kubwa. Kwenye Office 2000 walileta menyu zinazojibadilisha: chaguo ambalo hulitumii sana linafichwa, unayoyatumia yanabaki. Kwa nadharia ni ukarimu. Kwa vitendo, kila ukifungua menyu vitu viko mahali pengine, na ulichokitafuta ndicho kilichofichwa. Kufikia Office 2007 walikuwa wameachana nazo katika programu zao kuu na kuleta utepe wa vitufe juu ya skrini, ambao vitu vyake havihami hovyo. Kwa sababu hiyo hiyo, chaguo ambalo kwa sasa haliwezekani lifanye la kijivu, usilitoe. Mtu aone lipo, ila zamu yake haijafika.

Jambo dogo la Kiswahili kabla hatujaiacha menyu. Programu nyingi zikitafsiriwa, chaguo zake huja na "ku" mbele: Kuuza, Kununua, Kurudisha, Kutafuta, Kuchapisha. Macho hupitia orodha kwa kuangalia mwanzo wa maneno, na hapa kila neno linaanza sawa, kama wanafunzi waliovaa sare. Toa hiyo "ku" na uamuru: Uza, Nunua, Rudisha, Tafuta, Chapisha. Kila mstari unapata uso wake, na nafasi inapatikana kwenye skrini ndogo.

Sasa yule mgeni asiyebisha hodi.

Popapu ya kuuliza "una uhakika?" inatokana na nia njema, na inafanya kazi mara chache za kwanza. Baada ya hapo mkono unajifunza kwamba baada ya kitufe hiki hufuata kitufe kile, na vitendo viwili vinakuwa kimoja. Swali lako limegeuka kuwa nusu ya pili ya kubonyeza. Zaidi ya hayo, swali lenyewe halina maana. Dada wa kaunta alikuwa na uhakika kabisa. Alikuwa na uhakika kwamba anafuta mstari mmoja aliokosea. Programu ilijua ni mistari 143, na haikumwambia.

Mfano mkubwa zaidi wa kosa kama langu ulitokea New York mwezi wa Agosti 2020. Benki ya Citibank ilikuwa ikisimamia mkopo wa kampuni ya vipodozi ya Revlon, na ilitaka kuwalipa wakopeshaji riba ya takriban dola milioni 7.8. Ili mtaji mkuu, yaani deni lenyewe, usiende nje, mfanyakazi alipaswa kujaza sehemu tatu kwenye skrini. Alijaza moja. Ikatokea popapu ya onyo iliyosema kwamba fedha zitatoka nje ya benki, je, angependa kuendelea? Naam, riba ilitakiwa kutoka nje ya benki, kwa hiyo onyo lilionekana sawa. Halikutaja ni kiasi gani. Watu watatu waliipitisha kazi hiyo, na karibu dola milioni 900 zikaondoka. Baadhi ya wakopeshaji walirudisha, wengine walikataa, na benki ilishindwa mahakamani mwaka 2021 kabla ya kushinda rufaa Septemba 2022. Tarakimu moja ndani ya popapu ile ingetosha kumfanya mtu aweke kikombe cha chai chini.

Linganisha na ile popapu ya M-Pesa inayokujia ukinunua kitu mtandaoni, wanayoiita STK push. Inafunga njia, inapanda juu ya chochote ulichokuwa ukifanya, na sura yake ni ya simu za zamani. Bado naiona ni mojawapo ya popapu bora tulizonazo. Umeiita mwenyewe ulipobonyeza Lipa. Inataja kiasi, inataja anayelipwa. Na jibu lake si Ndiyo. Ni pini yako, tarakimu nne ambazo mkono hauziandiki kwa bahati mbaya. Kukataa ni rahisi, unaifunga tu na pesa haziendi popote. Na lile swali letu linafanya kazi ya ulinzi pia: ikikutokea umekaa zako unakula samaki pale ufukweni na hukuwa unalipa chochote, nani kaiita? Kama si wewe, usiweke pini.

Dawa ya maswali mengi ni kutouliza: tenda, kisha acha mlango wa kurudi wazi. Gmail hufanya hivi na barua. Ukibonyeza Tuma haikuulizi, inaonyesha kipande kidogo chini ya skrini chenye neno la kutengua, na unaweza kuchagua kipindi cha hadi sekunde 30 cha kubadili mawazo. Siri ni kwamba barua haijatumwa bado. Pale Kibuye nilifanya jambo linalofanana. "Futa" sasa haifuti. Inaweka alama kwamba rekodi imefichwa, na chini kinatokea kipande kinachosema "Mauzo 143 yamefutwa. Rudisha". Rekodi zenyewe zinakaa siku 30 kabla ya kuondolewa kweli. Mwanzoni kipande hicho kilikuwa kinajifuta baada ya sekunde tano, kama nilivyoona kwenye programu za wengine. Sekunde tano hazitoshi mtu kugeuka kupima kilo mbili za chakula cha kuku na kurudi. Sasa kinakaa mpaka jambo lingine lifanyike.

Yapo yasiyotengulika. Pesa zilizotoka, ujumbe uliotumwa kwa wateja mia nne, dawa iliyokwisha kabidhiwa. Hapo simamisha mtu, na ukimsimamisha mwambie kitu: kiasi gani, kwa nani, nini hakitarudi. Na kitufe kibebe kitendo chenyewe. "Tuma kwa wateja 412" si sawa na "Sawa".

Maneno ya vitufe ndiyo yaliyonichukua muda kuliko msimbo wote, na hapa Kiswahili chetu kina mitego yake ambayo hutaikuta kwenye miongozo ya Wamarekani. Niliwahi kuandika popapu hii: "Hutaki kuhifadhi mabadiliko?" na chini yake Ndiyo na Hapana. Jaribu kuijibu. Tukiulizwa "Hujala?" na kweli hatujala, wengi wetu husema "Ndiyo, sijala". Ndiyo yetu inakubaliana na maneno ya aliyeuliza. Lakini mtu aliyezoea Kiingereza kazini, au aliyeharakisha na kuona neno "kuhifadhi" tu, atabonyeza Ndiyo akimaanisha hifadhi. Watu wawili, Ndiyo ile ile, matokeo yaliyopingana, na kila mmoja yuko sahihi. Usiulize swali la kukanusha kwenye popapu. Afadhali usiulize Ndiyo na Hapana kabisa. Andika "Hifadhi" na "Usihifadhi", basi.

Mtego wa pili ni "Ghairi". Neno ni zuri, ni la Kiswahili fasaha, na simu za Android zikiwekwa Kiswahili ndilo hulitumia. Hapa Kisumu nimewauliza watu sita waliokuwa wakisubiri huduma kwenye kaunta linamaanisha nini, na mmoja tu alijibu bila kusita, mama aliyekulia Mombasa. Hata anayelijua hukwama kwenye popapu inayouliza "Ungependa kughairi oda?" na vitufe vyake ni "Ghairi" na "Sawa". Ghairi ipi? Ya kughairi oda, au ya kughairi kughairi? Nilibadilisha: "Futa oda hii" na "Iache iendelee". Ni ndefu, na ndiyo, Kiswahili hurefusha vitufe. Kipe kitufe upana wake. Skrini si mali yako.

Mpangilio wa vitufe vyenyewe nao una historia ya ubishi: Windows huanza na kitufe cha kukubali na kumalizia na cha kuacha, Mac hukiweka cha kukubali kulia kabisa. Fuata nyumba uliyomo. Kosa ni kuchanganya ndani ya programu moja, leo kulia, kesho kushoto.

Upande wa ufundi wa popapu nitaupita haraka, kwa kuwa siku hizi vivinjari vimetubebea mzigo. Tangu Machi 2022 vivinjari vyote vikubwa vinaelewa elementi ya dialog, kipande cha msimbo wa kurasa za wavuti ambacho inaipandisha popapu juu ya kila kitu, inazuia kibodi isizurure kwenye vitu vilivyo nyuma yake, na inajifunga ukibonyeza kitufe cha Escape. Zamani tuliandika haya yote kwa mkono na kuyakosea. Kuna pia popover, kwa vile visanduku vyepesi ambavyo ukigusa pembeni vinaondoka. Yanayobaki kwako ni mawili matatu ya kuhakikisha. Popapu ikifungwa, kibodi irudi kwenye kitufe kilichoifungua, la sivyo mtu asiyeona anayetegemea kisoma skrini anaachwa njia panda. Kitufe cha kurudi nyuma cha Android kifunge popapu, kisitoe mtu nje ya programu. Na ijaribu kwenye simu ndogo huku kibodi ikiwa wazi. Nimeona popapu nyingi ambazo kitufe chake cha kukubali kimelala chini ya kibodi na hakifikiki kwa namna yoyote.

Matangazo ni sura nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Ethan Zuckerman, akifanya kazi katika tovuti ya Tripod, aliandika msimbo wa kufungua tangazo katika dirisha lake lenyewe, kwa sababu kampuni moja ya magari ilikasirika kuona tangazo lake ndani ya ukurasa wenye mambo ya ngono. Mwaka 2014 aliomba radhi hadharani. Kufikia 2004 vivinjari vikubwa vilikuwa vimeanza kuzuia madirisha hayo, na kigezo chao kilikuwa kile kile: dirisha linalofunguka bila mtumiaji kubofya chochote linazimwa. Matangazo hayakufa, yalihamia ndani ya ukurasa wenyewe. Siku hizi yamepata ndugu anayevaa suti, popapu ya ruhusa ya vidakuzi (cookies), yenye "Kubali zote" ya rangi ya kung'aa na kukataa kulikofichwa kurasa mbili ndani. Mwanzoni mwa 2022 mamlaka ya Ufaransa ya ulinzi wa data ilitangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook kwa kufanya kukataa kuwe kugumu kuliko kukubali. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayotaka ridhaa itolewe kwa hiari na kwa kuelewa. Kitufe cha kukataa kilichofichwa sijui kinaleta hiari gani.

Kwenye duka la Kibuye, kati ya popapu kumi na moja nimeondoa kumi. Iliyobaki ni ya kutuma ujumbe kwa wateja wote. Kisha mwezi uliopita yule dada aliniomba nimwongezee moja. Nilishangaa, nikamwuliza ya nini tena.

"Ile dawa imeexpaya," akasema. "Nikiiskani, inisimamishe. Hapo hata ikipiga kelele ni sawa."

Nimeiweka. Inataja jina la dawa, tarehe yake ya mwisho, na chupa ngapi zimebaki. Haina Ndiyo. Ina kitufe kimoja, "Itoe kwenye oda". Juzi amenipigia tena kusema haimwambii chupa hizo ziko rafu gani.